Mashine ya kuzibulia mabomba niliyokodi Kariakoo: pedeli ya urembo

"Fundi gani anaogopa springi?"

Niliulizwa hivyo kaunta, mbele ya wateja, na kijana ambaye shati lake halijawahi kurukiwa na tone la majitaka. Hasira bado haijanitoka, kwa hiyo mtanivumilia. Anayetaka kujua mashine ina wati ngapi na uzito gani akasome kibandiko cha ubavuni. Mimi nina neno na pedeli.

Mashine yangu ilikuwa kwa fundi mota, na masika yalikuwa yamepamba moto. Wa Dar mnaelewa: mvua ikishika, chemba zinafumuka na simu ya fundi bomba hailali. Mama mmoja wa Tabata mwenye nyumba ya wapangaji alikuwa ananipigia mpaka naogopa kupokea. Bomba la inchi 4 linalotoka vyooni kwenda kwenye karo limeziba, maji yanarudi bafuni, wapangaji wanatishia kuhama. Nilikwenda na waya wa mkono, ukaingia vizuri halafu ukagota, na ukigota vile, laini laini kama umechoma godoro, hiyo ni mizizi. Miashoki imepangwa kando ya ukuta, juu kabisa ya njia ya bomba. Mizizi ya hivyo haing'oki kwa mkono, inataka mashine yenye kichwa cha kukatia. Nikaenda kukodi.

Duka silitaji jina. Nilipewa mashine ya ngoma, springi (ule waya mrefu wa chuma unaoingia bombani) imeviringishwa ndani, bodi imepigwa rangi mpya inang'aa. Nikamwambia kijana aiwashe niione. "Umeme umekatika, fundi, ila iko fiti, juzi tu ilikuwa kazini." Kweli umeme haukuwepo, hilo simsingizii. Pedeli ipo, mpira wake umeingia kwenye boksi la swichi kama kawaida, ukiitazama huoni kasoro. Akanirushia na glovu. Nikalipa kodi, nikaacha dipoziti ya laki mbili, nikaita kirikuu.

Sasa ngoja nieleze pedeli ni nini, maana nimegundua hata wanaoikodisha hawajui, au wanajua na hawajali.

Ukiwa unazibua, mikono yote miwili iko kwenye springi. Unaisukuma, unaisikiliza, unaivuta kidogo, unairudisha. Huna mkono wa tatu wa kwenda kuzima swichi. Kwa hiyo mashine imewekewa pedeli ya upepo: ukikanyaga inazunguka, ukiinua mguu inasimama. Mguu wako ndio breki. Na breki hiyo inahitajika pale kichwa kinaponasa kwenye mizizi. Kichwa kimesimama, lakini mota haina habari, inaendelea kuzungusha ngoma. Springi inajisokota katikati, nguvu inalundikana ndani yake, halafu inatafuta pa kutokea. Inatokea kwako. Inajikunja kitanzi hapo nje ya bomba, na mkono wako ukiwa karibu unaingia kwenye hicho kitanzi. Mambo yote hayo hayamalizi pumzi moja. Ndiyo maana anayeshika springi lazima awe huyo huyo anayekanyaga pedeli, asiwekwe dogo pembeni wa kuambiwa "zima". Ukimaliza kusema "zima" mkono umeshakwenda.

Mzee aliyenifundisha kazi, wa Magomeni, kidole chake cha shahada hakikunji mpaka leo. Glovu ya kitambaa ilinaswa na springi, ikavutwa pamoja na kidole. Toka hapo kwake ilikuwa glovu ya ngozi au huingii kazini, na ya mpira anaikubali ikiwa ndani ya ile ya ngozi tu, kwa ajili ya uchafu. Basi fungua mfuko wa lile duka uone walichonipa. Glovu za kitambaa! Nyeupe, zenye vidoti vya mpira, zile za kubebea tofali. Nikazitupa pembeni, nikavaa zangu.

Tukaweka mashine karibu na chemba. Dogo ninayefanya naye kazi nikamwambia asogee, akunje mikono ya shati na avue ile shanga ya mkononi. Kabla springi haijaingia bombani huwa najaribu pedeli: nakanyaga, naachia, naona kama inatii. Nikachomeka, nikageuza swichi mbele. Mguu wangu uko mbali na pedeli, hata kuigusa bado.

Ngoma ikaanza kuzunguka.

Ncha ya springi iliyokuwa imetokeza nje ikaipiga ndoo ikaruka hadi ukutani. Nikarudisha swichi, nikachomoa. Mama mwenye nyumba kwenye baraza akasema "Yesu na Maria." Nikachukua bisibisi nikafungua boksi. Swichi ya upepo, ile inayopokea amri ya pedeli, haimo! Wameitoa, nyaya mbili wamezisokota pamoja na kuzungushia selotepu nyeusi, halafu mpira wa pedeli wameuchomeka kwenye tundu lake ili tu uonekane upo. Pedeli ya urembo. Nikafungua na plagi, kwa kuwa mtu akikufanyia hili hashindwi lingine. Waya wa kijani na njano, ule wa ethi wa kupeleka shoti ardhini, umekatwa mfupi, haujafungwa kwenye pini yoyote. Yaani mashine ya chuma, springi ya chuma, miguu yangu kwenye maji, volti 230, na ethi hakuna. Shoti ikitokea humo inapita kwangu kwenda ardhini.

Mtu anaweza kusahau glovu. Anaweza hata kutojua kwamba plagi ina tatizo. Lakini kuweka mpira kwenye tundu ili mteja adhani pedeli inafanya kazi, hapo alikaa mtu chini akafikiria.

Nikarudi Kariakoo, kirikuu kwa pesa yangu, foleni ya Buguruni kama mnavyoijua. Umeme sasa umerudi, duka limejaa. Nikamweleza kijana taratibu kabisa, na kawaida yangu si mtu wa taratibu. Akajibu bila kuinua macho kwenye simu, "Zile pedeli zinasumbua, tumeunganisha moja kwa moja. Wote wanatumia hivyo hivyo."

Nikamwambia, "Dogo, springi ikijikunja naizimaje na mikono yote imeshika?"

Ndipo akaniangalia, akawaangalia wateja, akasema lile neno. Watu wakacheka. Sio wote, lakini waliocheka walitosha.

Nilichomjibu sikiandiki hapa. Nitasema tu kwamba sauti ilipanda mpaka akatoka mama mmoja kwenye ofisi ya nyuma, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Nikamwamkia shikamoo katikati ya hasira zangu. "Marahaba, baba, kuna nini?" Nikamwonyesha boksi lilivyofunguliwa. Hakubishana. Akamgeukia yule kijana: "Mpe ile ya ndani."

Na hapa ndipo review yangu inapoharibika, kwa sababu ile ya ndani ni mashine.

Niliijaribu pale pale dukani. Kanyaga, inazunguka. Achia, imekufa. Plagi ina waya wake wote, na kwenye waya kuna kile kiboksi cha kukata umeme unapovuja, chenye kitufe cha kujaribia, nikabonyeza, kikakata. Niseme ukweli, nilitabasamu, na nilikuwa nimeapa sitatabasamu.

Tabata tukarudi jua limeshapinda. Nikawauliza wapangaji kama kuna aliyemwaga kostiki chooni kwa kujaribu kuzibua mwenyewe. Kimya. Nikauliza tena kwa sauti ya kumwogopesha mtu, dada mmoja akakiri. Swali hili msilidharau: springi inapozunguka inarusha maji, na maji yenye kostiki yakikuingia jichoni hutaki kujua. Tukamwaga maji ya kutosha chini kwenye chemba kuififisha, nikavaa miwani na dogo akavaa yake. Hata bila kostiki, maji yale yanaweza kuwa na kipindupindu na taifodi ndani yake, usiyachekee.

Mashine nikaiweka kama sentimeta 60 kutoka mdomo wa bomba. Ikiwa mbali zaidi, springi iliyolegea katikati ndiyo inayokuja kukupiga. Nikaingiza kwa mkono kadiri ilivyokwenda, ndipo nikakanyaga. Ilivyofika kwenye mizizi niliisikia kiganjani kabla ya kuisikia masikioni: springi inakaza, mota inabadili sauti, mguu juu. Vuta kidogo. Kanyaga tena, kiache kichwa kikate chenyewe, usisukume kwa ubabe. Mafundi wengi vijana hapo ndipo wanapovunja springi, na wengine kikinasa wanakimbilia kugeuza mota nyuma na kufanya kazi hivyo hivyo. Nyuma ni ya kunasua tu, sekunde chache, kisha unarudi mbele, kwa kuwa springi ikizungushwa kinyume inafumuka na kupinda.

Kila nilipoinua mguu ilisimama. Kila mara! Mnajua raha ya kifaa kinachokutii? Dogo alikuwa anavuta matonge ya mizizi, myembamba, meusi, yamechanganyika na vitambaa vya watoto ambavyo wapangaji wote waliapa si vyao. Halafu bomba likakoroma na maji yakaondoka yote kwa mkupuo kuelekea karo, na mama mwenye nyumba akapiga vigelegele kana kwamba tumetoa mahari.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kutoa nyota nne. Tano kwa mashine, moja nakata kwa ajili ya yule kijana.

Lakini nikiwa naiosha springi na kuipaka oili ili isishike kutu (duka hawakuniambia, ila kifaa cha watu ni cha watu), wazo likanijia nikasimama. Mashine nzima, yenye pedeli nzima, ilikuwa ndani tangu asubuhi. Hawakuwa wameishiwa. Wanayo nzuri ya wanaopiga kelele na mbovu ya wanaonyamaza. Mimi nina miaka kwenye kazi hii, najua kufungua boksi. Je, kijana aliyetoka mafunzo mwaka huu, amepata kazi yake ya kwanza, anaogopa kuulizwa ni fundi gani? Huyo atapewa yenye rangi inayong'aa na glovu za tofali, na atakanyaga pedeli akiamini ana breki. Nyota nne nimezifuta. Yule mama wa ofisini alinitendea vyema, nakiri, ila naye hakushtuka nilipomwonyesha boksi. Aliijua ile mashine.

Halafu dipoziti. Nimerudisha springi safi, imekaushwa, nimechomeka mbele yao wakaiona inazunguka. Wamenirudishia laki na elfu sabini. Elfu thelathini eti ni "gharama ya kufunga boksi la mashine ya kwanza", kwa sababu niliifungua. Yule yule kijana alinisomea hivyo kwenye risiti, na safari hii hakunitazama usoni.

Anayetaka kukodi pale aombe ya ndani kwa jina hilo hilo, "ya ndani", na ajaribu pedeli kabla hajatoa hata mia. Umeme ukiwa umekatika, asubiri urudi au aondoke. Mimi narudi wiki ijayo kufuata elfu thelathini yangu. Nimeshaongea na mafundi wenzangu wawili watatu wa Tabata, tunakwenda pamoja, na tutaomba ile yenye rangi mpya ichomekwe pale kaunta watu wote wakiona, mguu wa mtu usiwe karibu na pedeli.