TAHADHARI: "Mgahawa wa ukingoni" Lindi unaowalisha wageni picha

Mnaokuja Lindi, iwe harusini, iwe Ngongo kwenye Nane Nane, iwe kutembea tu, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela ya chakula. Kuna ukurasa unajitangaza kama mgahawa wa samaki "ukingoni mwa mto Lukuledi, ndani ya mji wa kihistoria wa Lindi". Mgahawa huo haupo. Jina lao silitaji kwa sababu tangu Jumamosi wameshalibadilisha mara mbili, na ukilishika hili watakuponyoka kwa lile.

Waliopigwa ni wakwe wa mdogo wangu. Walikuja kutoka Singida watu kumi na sita, wazee wanne wakiwemo, mara yao ya kwanza kuiona bahari. Shemeji akataka kutushtukiza: siku ya pili baada ya harusi sote tukale samaki kando ya maji, yeye analipa. Nia njema kabisa. Akaingia mtandaoni, akaukuta huo ukurasa, akaandikiana nao kwa siku tatu bila kumuuliza mtu yeyote wa hapa. Angeniuliza mimi, ingeharibika siri.

Bei waliyompa ni shilingi 15,000 kwa kichwa, watu kumi na sita 240,000. Nusu itangulie, 120,000, "ya kushika meza". Akatuma. Baada ya saa moja wakamwambia kuna boti maalumu ya kuwavusha wageni hadi upande wa Kitunda na kuwarudisha, 60,000. Akatuma tena, na ya kutolea juu. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke fulani, si la mgahawa. Akauliza. Akajibiwa "huyo ndiye mhasibu wetu". Ndugu zangu, mgahawa wa kukaanga samaki wenye mhasibu anayepokea hela kwenye laini yake mwenyewe!

Jumamosi saa sita mchana tukapanga mstari pale ufukweni, akina mama na vitenge vyao vya sare, wazee tumewapa kivuli. Simu ikapokelewa mara moja: "Tunawaona, boti inageuza." Tukatazama maji. Boti zilikuwa zinageuza kweli, lakini ni zilezile za abiria zinazovuka Kitunda kila siku, watu na baiskeli zao na matenga ya kuku, nauli ndogo tu, huhitaji boti maalumu ya mtu. Simu ya pili haikupokelewa. Ya tatu namba haipatikani. Shemeji alikuwa anatabasamu bado, lile tabasamu la mtu ambaye anajua na hataki kujua.

Ndipo nikaomba hiyo simu nione tangazo lenyewe. Mtu wa hapa angelicheka, na ndiyo maana naeleza kwa kirefu, ili hata usiye wa hapa ujue pa kutazama.

Picha ya kwanza: meza imepambwa, kamba wakubwa kwenye sahani, na nyuma yake jua linazama baharini, maji matupu mpaka upeo. Lindi bahari iko mashariki. Jua tunaliona likitoka upande wa maji, na jioni linazama nyuma ya vilima vya mji. Ukiwa mjini ukitazama maji unaiona Kitunda ng'ambo, ukiwa Kitunda unauona mji. Hakuna mahali hapa utakapokaa mezani jua likazama kwenye bahari tupu mbele yako. Picha hiyo imepigwa pwani nyingine ya dunia.

Picha ya pili: jengo jeupe la ngome, chini yake maandishi "tupo jirani na boma la Wajerumani la mwaka 1895". Hilo ni Boma la Mikindani, nalitambua kwa macho, na huo mwaka ni wake. Mikindani iko karibu na Mtwara mjini, na kutoka kwetu Lindi ni mwendo wa kilomita zipatazo mia. Jirani gani huyo.

Halafu kulikuwa na ujumbe wa sauti. Kijana ana sauti nzuri, mpole, anasema "mkishavuka Daraja la Mkapa tu, mmeshafika kwetu". Daraja la Mkapa liko Rufiji! Aliyetoka Dar akilivuka pale, bado ana saa kadhaa za kukaa kwenye basi, Somanga hajafika, Nangurukuru hajafika. Huyo kijana hajawahi kukanyaga Kusini.

Lakini kilichonikera kuliko vyote ni orodha ya chakula. "Sato wabichi wa mto Lukuledi, pweza wabichi siku zote." Lukuledi unatoka huko juu upande wa Masasi, sawa, ni mto. Ukifika hapa mjini si mto tena wa kuvua sato, ni mkono wa bahari, maji ya chumvi, mikoko pande zote, maji yanajaa na kupwa. Sato utakayemla Lindi amekuja kwenye barafu au ametoka bwawani kwa mfugaji. Na pweza hana "siku zote". Pweza wengi wanaotufikia wanachokolewa miambani kwa miguu, bamvua maji yakitoka sana. Maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo bahari haitoki sana, wanaadimika na bei inapanda. Wapo wenzetu wa pwani hii wanaofunga kabisa baadhi ya miamba kwa miezi ili pweza wakue, wanafungua siku moja, watu wanashuka wote. Kwa hiyo mpishi wa kweli ukimpigia leo ukamwagiza pweza wa wiki ijayo, atakwambia "tutaona bahari itatoa nini". Anayekuahidi kila kitu kwa tarehe yoyote hana jiko.

Naomba nisieleweke vibaya kwenye hili la kutanguliza hela. Mama lishe wa kweli naye, ukimwambia una wageni kumi na sita, atakuomba hela ya soko. Ni haki yake, hawezi kununua samaki wa watu kumi na sita kwa mtaji wa chapati. Tofauti ni kwamba yeye unamfuata, unaona moto wake na masufuria yake, unampa mkononi au kwenye simu akiwa amesimama mbele yako. Kama uko mbali, mtume mtu. Lindi ni mji mdogo, hukosi mtu wa kumtuma: mwenye nyumba ya wageni uliyopanga, bodaboda aliyekubeba stendi, mtu yeyote. Mwulize tu, "hapa mahali pako wapi?" Hawa wangeulizwa swali hilo moja wangeishia hapo.

Wakikwambia ulipe kwa Lipa Namba, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu badala ya la biashara, simama. Jibu la "ni mhasibu", "ni mke wangu", "mfumo wetu una tatizo" ni jibu moja tu kwa sauti tofauti.

Tulikwenda polisi, tukafungua jalada, tukapewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya jalada. Mtandao wa simu nao ulipigiwa siku hiyohiyo, lakini hela ilikuwa imeshatolewa kitambo, muamala wa Alhamisi unaulalamikia Jumamosi. Namba yao tumeituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, na wewe ukiandikiwa na watu wa namna hii fanya hivyo hivyo, ni bure na haichukui dakika. Hiyo 180,000 sidhani kama shemeji ataiona.

Tulikula? Tulikula. Nikawapeleka kwa mama mmoja hapo nyuma ya soko, benchi mbili na turubai. Saa nane ilikuwa imepita, wali wa nazi umebaki robo sufuria, akatuomba nusu saa. Akampa mwanawe hela akimbilie samaki. Kijana akarudi na changu kwenye ndoo, macho yao bado yanang'aa, mama akawaparua palepale mbele yetu, akawachanja mbavuni mistari mitatu mitatu, chumvi, ndimu, ndani ya mafuta. Baba mkwe alikuwa hajawahi kuona samaki akitoka ndoo hadi sahani bila kupita kwenye friji. Na kachumbari ya embe bichi yenye pilipili iliyomtoa machozi mama mkwe, akaomba nyingine. Shilingi 4,000 kila sahani, na bei tuliijua kabla ya kukaa. Hilo nalo ni la kuzingatia: wapo wauzaji halali kabisa, wana meza na paa, ila samaki mzima hawakutajii bei mpaka umeshabakiza mifupa. Kolekole mmoja anaweza kukugharimu sahani nne za wali. Onyesha samaki kwa kidole, uliza huyu kiasi gani akiwa amekaangwa, ndipo uagize.

Jioni tukamalizia kwa supu ya pweza barabarani. Muuzaji anakukatia vipande kwa kisu kile chembamba, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili, halafu unapewa kikombe cha supu ya moto. Watoto wa Singida waligoma mpaka walipomwona babu yao anarudia. Ming'oko, vile viazi pori vya kwetu Kusini, hatukuipata siku hiyo, nimewaahidi safari nyingine. Mgeni ukiiona imechemshwa njiani, usiipite.

Msimu wa korosho unakaribia. Mnada ukianza Oktoba, hela inaingia Kusini, wageni wanaongezeka na hawa wanachangamka. Jana usiku nimeuona ukurasa wao tena kwa jina jipya. Safari hii wamehamia Kilwa Masoko, "mita chache kutoka magofu", na magofu yenyewe yako kisiwani ng'ambo. Picha ni ileile, jua linazama baharini. Mwenye ndugu anayekwenda Kilwa wiki hii amtumie hii leo.