In the Pocket ya Commodores: bendi bado ipo, mwimbaji keshaondoka

Haya watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna In the Pocket, santuri ya Commodores, bendi ya Marekani iliyoanza na fanki, muziki wa kucheza wenye besi nzito. Ilitolewa na kampuni ya Motown mwaka 1981. Nyimbo nane, nne kila upande. Anayetafuta fanki ya jasho atanung'unika, na ana haki: huyo akatafute albamu yao Machine Gun ya 1974. Hii ni ya kusikiliza bendi ambayo nguo yake imeshambana mwimbaji.

Tupange tarehe kwanza. Mwishoni mwa 1980 Kenny Rogers alikaa namba moja Marekani wiki sita na "Lady", wimbo alioandikiwa na Lionel Richie, mwimbaji wa Commodores. Mwaka uliofuata Richie akatunga "Endless Love", akaimba na Diana Ross, wiki tisa kileleni. Na wakati huo huo yuko sokoni na bendi yake kwa albamu hii! Yaani jamaa anashindana na mwenyewe, na bendi ndiyo inayoachwa nyuma.

Sasa weka sindano upande A. "Lady (You Bring Me Up)", msiichanganye na ile ya Rogers, ndiyo bora humu. Ni ya mwendo, fidla zinamjibu mwimbaji, na kiitikio hakikuachii. Ilifika namba 8. Lakini tazama lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri, usome majina ya watunzi: Harold Hudson, William King na Shirley Hanna-King. Richie hayumo, ingawa ndiye anayeimba. King ni mpiga tarumbeta wa bendi, Shirley ni mkewe, na Hudson katoka kundi la wapigaji lililokuwa likiwasindikiza. Kwa hiyo kalamu zilikuwepo. Kilichokuwa cha kuazima ni koo.

Kisha ruka hadi wimbo wa nne, "Oh No", wa Richie mwenyewe, uliofika namba 4. Hapa fanki imeaga. Sauti iko mbele, wenzake wamerudi nyuma kama wapigaji wa kukodi. Ukiambiwa ni wimbo wa msanii wa kujitegemea, hutabisha. Zilizobaki katikati ya pande zote mbili zinachezeka, ila hazikai kichwani.

Mnaonunua nakala iliyokwisha kutumika, sikilizeni hapa. "Oh No" inafunga upande A na "Lucy" inafunga B, zote karibu na lebo. Santuri ya inchi 12 ikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mfereji wa nje, yaani mchoro unaobeba sauti, hupita chini ya sindano kwa kama sentimita 50 kwa sekunde. Karibu na lebo hushuka hadi kama 20. Sauti ileile imebanwa kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo uchakavu huanza kusikika huko, hasa kwenye herufi "s". Na balladi, wimbo wa polepole kama "Oh No", haina ngoma kubwa za kuuficha.

Kwa hiyo dukani usijaribu wimbo wa kwanza. Jaribu dakika ya mwisho ya "Oh No". Ukisikia "s" zinakwaruza, usiirudishe bado: piga mwisho wa santuri nyingine unayojua ni nzima. Nayo ikikwaruza, kosa ni la sindano, imechakaa, imejaa vumbi au haikupangwa sawa. Uzito unaoikandamiza sindano kwenye santuri uwe ule ulioandikwa na mtengenezaji; watu hupunguza wakidhani wanailinda santuri, kumbe sindano inarukaruka na kuutafuna mfereji. Nyingine ikiwa safi na hii inakwaruza, basi mfereji umeliwa, hakuna sabuni itakayourudisha.

Mwaka 1982 Richie alitoa albamu yake ya kwanza peke yake, na prodyuza aliyeshirikiana naye ni James Anthony Carmichael, yuleyule wa Commodores. Wenzake walisubiri wimbo mkubwa bila yeye hadi 1985, "Nightshift" ikatoka, na anayeongoza ubeti wa kwanza ni Walter Orange, mpiga ngoma, yule aliyeimba "Brick House" 1977. Koo lilikuwa nyuma ya ngoma muda wote.