Rashomon au 12 Angry Men: uanze na ipi?

Filamu hizi zote mbili zinasaka ukweli. Rashomon (1950) ya Akira Kurosawa, dakika 88, inasimulia kifo cha samurai mara nne, na kila msimulizi anajipamba. Ukingojea jibu la mwisho utachoka bure. Fuatilia anachofichwa mtazamaji, hasa kuhusu lile jambia na mkata kuni, mmoja wa wasimulizi. Kwa undani wa wahusika, naipa hii ushindi.

12 Angry Men (1957) ya Sidney Lumet, dakika 96, karibu yote imo katika chumba kimoja, ambamo wajumbe 12 wa baraza la mahakama (jury) wanabishania kama mshtakiwa ana hatia. Ubishi unavyopamba moto, kamera inashuka taratibu, dari linaonekana, kuta zinawabana. Hoja zake hufuatika kirahisi, kwa hiyo inafaa kutazamwa na kundi linalopenda kujadiliana. Ukiwa peke yako, na uko radhi kuirudia, chukua ya Kurosawa.