Animal Kingdom ya Orlando kwa mfuko wa mtu wa kawaida, tulienda sita na tumerudi bila deni

Haya jamani, tangu turudi Orlando kila mtu ananiuliza ilikula shingapi, kwahiyo naandika mara moja yaishe. Tunakaa Atlanta, tulikuwa sita: mimi, mama watoto, mama yangu mzazi (sote tunamwita Bibi) ambaye amekuja kututembelea kutoka Tanga, na watoto watatu wa miaka 8, 5 na 2.

Walt Disney World, ile sehemu kubwa ya burudani ya Disney kule Orlando, ina paki nne (viwanja vya michezo na maonyesho) na kwa mshahara wangu nilijua zote nne ni ndoto za mchana, nikachagua moja tu, Animal Kingdom, ile yenye wanyama, kwanza ndo tiketi yake huwa ya chini kuliko zile tatu nyingine, pili nilitaka Bibi aone kitu anachokijua (hii ilinigeukia, ntasema). Bei inabadilika kwa tarehe, Krismasi ni balaa, sisi tulienda Septemba shule zimeshafunguliwa, wetu tukawaombea ruhusa Ijumaa moja. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 anaingia bure ila akifikisha 10 analipa kama baba yake, na hata huyu wa kati ya miaka 3 na 9 usidhani ni nusu bei, mnapishana hela ya soda tu. Tiketi tano na kodi zikaondoka na kama dola 620. Hapo hujala, hujalala, hujapaki gari.

Kuegesha gari pale paki ilikuwa dola 30 kwa siku, hiyo niliijua. Nisiyoijua ni ya hoteli. Niliona kwenye simu dola 79 kwa usiku nikashangilia, tumefika kaunta saa nne usiku watoto wamelala mabegani dada ananiambia kuna ada ya huduma za hoteli dola 25 kila usiku, halafu gari dola 15, halafu kodi juu yake, na bwawa lenyewe nililolipia lilikuwa limefungwa. Jina silitaji, ila siku hizi nabonyeza mpaka ukurasa wa mwisho kabisa wa malipo ndo naandika bei kwenye daftari. Ile ya mbele ni chambo.

Msosi sasa. Wanaruhusu uingie na chakula chako, masharti ni kwamba usibebe pombe wala chupa za kioo, na barafu ya vipande isiyofungwa hawataki. Mama watoto alikaanga kuku na chapati usiku kabla hatujaondoka Atlanta, matunda tukanunua Walmart, na maji usinunue, nenda kwenye vibanda vya chakula omba kikombe cha maji ya barafu, wanakupa bure. Kwa hayo mambo ya aiskrimu na midoli kila mtoto nilimpa kadi ya zawadi ya Disney ya dola 25, nikawaambia ikiisha imeisha. Yani ajabu! Yule wa miaka 8 ambaye nyumbani analilia kila kitu, alizunguka duka zima na simba wa manyoya mkononi akaangalia bei akamrudisha. Mwenyewe!

Mvua ya Florida mchana haina hodi, nunueni makoti ya nailoni duka la bei chee kabla ya safari, mle ndani utalipa mara kadhaa ya hiyo.

Kosa langu mimi: kuna huduma ya kulipia uruke foleni, inaitwa Lightning Lane, nikamlipia wa miaka 8 na yule wa 5 kwenye mchezo wa Flight of Passage bila kusoma kwamba lazima mtoto awe na inchi 44, karibu sentimita 112. Wa 5 akapimwa mlangoni, hajafika. Kilio chake kilisikika Tanga. Pima mtoto nyumbani ukutani, rula ni bure.

Turudi kwa Bibi. Ile sehemu ya Afrika wameijenga kama mji mdogo wa pwani unaitwa Harambe, kwa e moja, kuta za chokaa zimechubuka, milango ya mbao, wanasema mfano waliuchukua Lamu, na utakutana na baa inaitwa Dawa na kibanda kinaitwa Tamu Tamu. Bibi anasoma kila kibao kwa sauti. Akasimama penye "Uhuru 1961" akasema huu ni uhuru wetu sisi Tanganyika, mbona neno la Harambee ni la Wakenya, wameoanisha nani na nani hapa? Kwenye gari la Kilimanjaro Safaris dereva akasema "Jambo!", Bibi akamjibu "Sijambo mwanangu, habari za kazi?" na yule kijana akacheka akakanyaga mafuta. Dakika kama 20, tembo, twiga, simba kwa mbali. Watoto waliruka ruka, Bibi akaninong'oneza, "Umenilipia dola mia na ushee nije kuona twiga, Mikumi umewahi kunipeleka?" Sina jibu hadi leo.

Kesho yake ndo nilipata dili la safari. Hoteli yao ya Animal Kingdom Lodge ina mgahawa unaitwa Sanaa, madirisha yanatazama mbuga, na kula pale huhitaji tiketi ya paki, wahi tu kubuku meza mapema. Tuliagiza ile sinia ya mikate ya Kihindi na vitu vya kuchovea, twiga wanapita nje taratibu kama hawana wa kumjua. Bibi kachana naani, kachovea, katafuna. "Hii hata Tanga wangeila," akasema, akavuta sinia upande wake.