Kitambaa kizuri, mapazia yameharibika: jora la pili walilonikatia

Kitambaa chenyewe ni kizuri, na hilo nalisema mapema kabla hasira hazijanipanda. Ni pamba nzito, imefumwa ikashikana, haichuji rangi, na ukikata pindo hazifumuki ovyo. Nilikinunua juzijuzi nishone mapazia ya sebuleni kwa mkono wangu na kuvisha upya viti vya mezani, maana kumpa fundi kazi yote hiyo kungenigharimu mara kadhaa ya nilichokuwa nacho.

Wasiojua mapazia wataona nalalamikia kitu kidogo, kwa hiyo naeleza hesabu. Bomba langu la kutundikia mapazia lina urefu wa mita 2. Pazia lisiponyooka kama shuka iliyoanikwa, yaani likiwa na mikunjo ya kupendeza, linataka kitambaa chenye upana mara mbili ya bomba: mita 4. Jora lile lina upana wa sentimita 140, hivyo nilihitaji vipande vitatu vya urefu kamili. Kila pazia linapata kipande kimoja na nusu, na ile nusu inaungwa kwa mshono wa kusimama kutoka juu hadi chini. Tatizo langu lote liko kwenye hiyo nusu.

Mhudumu alikata vipande viwili, jora likaisha. Akaingia stoo, akatoka na jingine. Nikamuuliza pale pale, mkasi haujagusa kitu: haya majora mawili yametiwa rangi pamoja? Kitambaa cha rangi ileile, kiwanda kilekile, kikitiwa rangi kwa mikupuo tofauti kinaweza kupishana, kwa sababu joto la maji, muda na kipimo cha dawa havilingani kila mara. Ndiyo maana viwanda huandika namba ya mkupuo kwenye lebo ya jora. Nikaomba nione lebo. Akasema zimeshatolewa. "Dada, ni kilekile, wewe ondoa shaka." Chini ya zile taa nyeupe za dukani vilifanana kabisa.

Nyumbani nikaviloweka vyote kwanza, nikaanika kivulini, nikapiga pasi. Hili silikwepi kamwe kwa pamba, kwa sababu hurudi inapofuliwa mara ya kwanza. Asilimia 4 tu kwenye pazia la sentimita 250 ni sentimita 10, na sentimita 10 ni pazia linaloning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka. Nikashona pindo, nikatia bitana, nikatundika. Jua likaingia. Pembeni mwa kila pazia kukawa na mlia, kijani chenye unjano kando ya kijani kilichoiva, mshono ukiwa mpaka. Mgeni anauona tangu mlangoni.

Nikarudi nao dukani. Nilikwenda kwa adabu, nimekunja pazia vizuri, risiti mkononi. Yule mhudumu hakusimama. Hakulifunua. Alilitazama likiwa limekunjwa vilevile kwenye kaunta akasema, "Rangi ni moja hiyo, labda macho." Nikamwomba tutoke nalo nje kwenye mwanga, hatua chache tu. Akamgeukia mteja mwingine. Msimamizi alipoitwa akaniambia kitambaa kikishapita kwenye mkasi ni changu, na kwamba mtu anayetaka kazi safi aende kwa fundi. Aliyasema mbele za watu. Yaani kwa kuwa nashona mwenyewe kwa bajeti ndogo, sistahili kuuziwa rangi moja? Sisi tunaojishonea ndio tunaonunua kwa mita, ndio tunaorudi kutafuta mabaki, na ndio tusio na akiba ya kukata upya.

Nisiwe dhalimu, viti vimependeza. Kalio la kiti cha mezani hufunguliwa kwa skrubu chache kwa chini, na kitambaa hiki kinavutika bila kupinda: nilipiga stepla katikati ya kila upande kwanza, nikaenda nikikaza kuelekea nje, kona mwishoni. Kimekaa kama kimezaliwa pale. Kwa viti peke yake ningewapa nyota nne, na nilipokuwa nikivitazama nilikuwa nimeshaanza kuwasamehe.

Lakini viti vimetosha kwenye jora moja, na ndiyo sababu vimependeza. Duka halikunisaidia lolote hapo. Na kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kosa la kitambaa ni dogo kuliko lile la kukataa kulitoa pazia nje. Majora kupishana hutokea kwenye maduka mazuri pia. Kipande kimoja cha kubadilisha kingemaliza mambo, au hata kukiri tu kwamba havifanani.

Kwa hiyo: kama mahitaji yako yanatosha ndani ya jora moja, nunua, hutajuta. Kama hayatoshi, usikubali jora la pili mpaka vipande vyote viwili vimetolewa nje kwenye jua, na wakikataa, ondoka. Nilipanga kutoa nyota tatu. Naweka moja. Wakianza kuandika namba ya mkupuo kwenye risiti, nitakuja kuiongeza.