Nilifuata feni nikarudi na vifuu vinne (duka la vitu vya wageni, Mtwara)

Nlienda kutafuta feni ya mezani, joto la huku mwezi wa 12 mnalijua wenyewe, jirani akaniambia kuna jamaa hapa mjini anauza vitu walivyoacha wageni, wale waliokuja kipindi cha gesi afu mikataba ikaisha wakauza kila kitu mpaka mapazia. Jina la duka silitaji maana nina malalamiko nalo na jamaa nakutana nae sokoni kila wiki. Feni hakuna. Ila shelfu ya chini kabisa, nyuma ya mashine ya kahawa iliyokufa, nkaona vifuu vya nazi vina nakshi, nikachuchumaa hapohapo na baibui langu kwenye vumbi.

Mi vifuu sio vigeni kwangu, nyumbani kwa bibi Mikindani kata ya kuchotea maji na upawa wa mchuzi vyote vya kifuu, na nimeanza kuvikusanya miaka kama sita iliyopita watu wakinicheka. Ila hivi vya dukani vilikua vya mbali. Muuzaji anachojua ni kimoja tu, "Vya visiwa vya huko karibu na Australia dada, vya zamani sana hivyo, mwenyewe alifanya kazi huko kabla ya kuja kwetu". Kila kimoja elfu 40, tukavutana mpaka vinne kwa laki na ishirini, nikalipa kwa simu. Risiti hana, na kavifunga kwenye gazeti moja jepesi kama anafunga karanga.

Kimoja hakina nakshi kabisa na ndo ninachokipenda kuliko vyote. Nusu kifuu, kimesuguliwa mpaka kinang'aa ndani na nje, mdomo umelainika kama ukingo wa kikombe cha udongo. Kwa ninavyokiona ni bilo, kikombe cha Fiji cha kunywea yaqona, ile wengine wanaita kava, mizizi inayopondwa na kukorogwa na maji kwenye bakuli kubwa la mti lenye miguu. Anayepewa anapiga kofi moja, anasema "bula", anakunywa yote kwa mkupuo, afu kofi tatu. Muuzaji alitaka kunipunguzia hicho kwa sababu "hakijachorwa". Nikanyamaza zangu.

Cha pili ni kisahani cha kifuu kina tundu katikati na kijiti kimepita, nakshi za duara duara zimejazwa kitu cheupe kama chokaa. Jamaa alikua anakiuza kama kifuniko cha chupa! Ni pia. Pia ya kuchezea, kama tulizokua tunazungusha barazani, ila hizi za nakshi ni za Waabelam, Papua Guinea Mpya, upande wa Sepik, makumbusho za Ulaya wanazo. Tundu lake limelika upande mmoja kijiti kilipokua kinasugua, na huwezi kuigiza mliko kama ule kwa jioni moja.

Sasa malalamiko. Cha tatu ni kifuu kizima chenye uso wa tiki, zile sanamu za watu au miungu za visiwa vya Pasifiki, mimacho mikubwa, mdomo mpana, mtindo wa visiwa vya Marquesas, dukani kwenye giza kilinitisha kwa uzuri. Nyumbani juani nikakinusa, vanishi. Nikampelekea mzee mmoja fundi wa vinyago, Mmakonde, yeye kaanza kuchonga mpingo mi sijazaliwa, hakuangalia hata uso, akapitisha kucha ndani ya mifereji akasema "Mwanangu, hapa hamna patasi, hapa kuna mashine, mifereji yote kina kimoja". Na kweli, ukimulika tochi ya simu kwa ubavu unaona mikwaruzo ya msasa imelala upande mmoja yote. Kitu cha kuuzia watalii tu, hata kama kimetoka hukohuko visiwani. Sina ugomvi na vitu vya watalii, hata vinyago vingi vyetu vinachongwa kwa ajili yao, ila bei yake sio ya kitu cha zamani.

Nikarudi dukani. Jamaa mpole, akanipa kiti, akaniletea na soda, ila hela hapana. "Dada yangu, mi nimekwambia alivyoniambia mzungu." Mzungu yuko wapi sasa, sijui Norway sijui wapi. Soda nimekunywa.

Cha nne ndo kinaninyima usingizi. Kimechongwa mnazi na mtumbwi, chini herufi za kizungu na 1944. Jamaa alishikilia huo mwaka kama cheti cha kuzaliwa. Ni kweli vita ya pili ilijaza wanajeshi Pasifiki na wengi walirudi na vitu kama hivi, na nazi maarufu kuliko zote ni ya 1943, Kennedy kabla hajawa rais wa Marekani, boti yake ilipasuliwa na meli ya Wajapani visiwa vya Solomon, akakwaruza ujumbe kwenye nazi kwamba wako hai 11 wanahitaji boti, vijana wawili wa hapo, Biuku Gasa na Eroni Kumana, wakaupeleka kwa mtumbwi, baadae akawa nayo mezani Ikulu. Ila mwaka mtu yeyote mwenye kisu anaandika. Uchafu ndani ya namba ni mwepesi kuliko ndani ya mtumbwi, kwa hiyo nahisi mchoro ni wa zamani na namba zimeongezwa baadae ili kipande bei.

Kwa hiyo nyota 3. Moja ya pia, moja ya bilo, moja ya soda. Ukienda nenda asubuhi maana ndani hamna taa, beba tochi, geuza kifuu uangalie ndani na kwenye matundu kabla ya uso, nusa, na usimuulize jamaa umri wa kitu maana atakujibu tu. Mwambie akufungie kimoja kimoja, changu cha tiki kilifika na ufa, kile kile feki, sijaumia sana. Nyumbani usiviweke juani wala usivipake vanishi, mafuta ya nazi kidogo na kitambaa basi.

Bibi alivyokuja kunitembelea akachukua bilo akachotea maji kabla sijamzuia, akanywa, akakigeuza geuza, akaniuliza mpini wake nimeupeleka wapi.

Jamaa anasema kuna nyumba Shangani inahamwa mwezi ujao. Ntaenda, feni bado sijapata.