Taa za kificho za lori la M35: swichi nzuri, ethi ndiyo tatizo

M35 ni lori la jeshi la Marekani, na taa za kificho ni taa zake hafifu za usiku, zisizoonekana na adui kwa urahisi. Kioo cha taa ya kificho ya nyuma kina vitundu vinne vyekundu, viwiliviwili. Dereva anayefuata akiwa nyuma zaidi ya mita 55 hivi huona nukta moja. Akisogea, huona mbili. Akiona nne, yuko ndani ya mita 18: apunguze mwendo. Hakuna kifaa cha kupimia umbali hapo, ni nafasi ya vitundu tu. Kwa hilo pekee mfumo huu wa Kimarekani nauheshimu.

Swichi ya vishikio vitatu nayo ni kazi safi. Kishikio kikuu hakiendi upande wa taa za kawaida mpaka uinue kile cha kufuli, hivyo mkono unaopapasa gizani hauwezi kuwasha taa kali kwa bahati mbaya. Ukiwa kwenye kificho indiketa hazifanyi kazi. Usizihangaikie, ndivyo ilivyoundwa.

Udhaifu uko kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha lori. Taa ya nyuma hupata ethi kupitia boliti zinazoishika, na lori lililopakwa rangi upya mara nyingi lina rangi nzuri chini ya boliti hizo, na rangi huzuia umeme. Dalili yake: ukikanyaga breki, taa nyingine ndani ya kikombe kilekile inafifia au inawaka kidogo bila kuitwa, kwa sababu umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu ya jirani. Washa taa, weka multimita (kipimo cha umeme) kati ya bodi ya taa na hasi ya betri. Ikizidi nusu volti, fungua, kwangua hadi chuma cheupe, paka grisi kidogo, funga.

Balbu zina mtego wake. Ya kificho ni 1251, ya breki ni 1683, zote za mfumo wa volti 24 na zenye kitako cha aina moja. Zikibadilishana, taa ya kificho inamulika kama ya breki na vitundu vyote vinakuwa kazi bure. Kabla ya kulaumu swichi, soma pia vibati vya namba kwenye waya: 24 ni kificho cha nyuma, 21 ni taa ya nyuma ya kawaida. Soketi za raba zikishapasuka, badilisha. Tepu hushika maji.

Taa za LED zilizozibwa haziingizi maji, ila flasha ya zamani (kifaa kinachomweshesha indiketa) inaweza kugoma, na taa yenyewe ikifa hubadilishi balbu, unanunua taa nzima. Kwa lori la maonyesho, baki na balbu.